Farasi Watatu na Jina la Mama

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu. Asubuhi hiyo niliingia katika kibanda cha fundi baiskeli mjini Nyeri nikiwa na mfuko wa unga uliofuliwa na kukaushwa vizuri juani. Mfuko ule ulikuwa wa kubebea pesa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, uhuru ulikuwa bado mchanga, na jana yake farasi wangu wawili kati ya watatu walikuwa wameshinda mbio kule Nairobi. Baada ya robo saa nilitoka na mfuko mtupu vilevile. Kichwa kilikuwa kimevurugika hata nikavuka barabara bila kutazama upande wowote, na mwenye mkokoteni akanitukana mpaka nikafika ng'ambo.

Juzi kijana mmoja wa hapa jirani alinionyesha simu yake. Alikuwa ameweka pesa kwenye timu tisa za mpira kwa mpigo mmoja, kitu ambacho ninyi mnakiita mkeka, na timu nane zilikuwa zimeshinda.

"Moja tu, guka," aliniambia, yaani babu. "Ati moja tu ndiyo imenichania mkeka."

Alicheka kama mtu aliyekosa basi na anajua lingine linakuja. Mimi nilirudi ndani nikakaa kitandani, kwa sababu maneno yale nilishawahi kuyasema, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Basi nimeona niandike. Utanisamehe nikizungukazunguka, maana kuna sehemu za jambo hili ambazo hata leo sizielewi sawasawa.

Shule niliiacha darasa la tano, na si kwa kukosa karo. Nilishindwa tu kukaa kitako. Nilibeba magunia ya mchele Sagana, nikakoroga chai katika hoteli moja Karatina, nikachunga kondoo wa mzungu karibu na Nanyuki mpaka baridi ikanifukuza. Kila nilipopita niliuliza maswali hadi watu wakanichoka. Nilitaka kujua posta wanapangaje barua, daktari wa ng'ombe anatafuta nini kwa mkono wake wote ule ndani, daraja linasimamaje. Nilijua kidogo cha kila kitu, na nilikiamini mno kidogo hicho.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Nilikaa pale misimu miwili, na kwangu mimi hiyo ni kama ndoa. Nilipenda kutazama wakulima wakileta kahawa yao. Mmoja analeta debe moja, mwingine kumi, na zote zinamwagwa katika mashine ileile. Ukimuuzia mchuuzi wa njiani debe lako peke yako, alikupa bei ya kukuonea huruma. Ikiuzwa kwa pamoja, bei ilipanda. Na yule ambaye mvua ya mawe ilipiga shamba lake hakuwaangusha wenzake. Alipata kidogo, wenzake wakapata chao. Nilisimama pale nikifikiri kwamba nimeiona siri ya dunia, kwamba vitu vikifungwa pamoja vinapata bei nzuri, na kilicho dhaifu kinabebwa na vyenye nguvu. Hata kwenye mikutano ya hadhara tuliambiwa vivyo hivyo. Nani angeniambia kuna kufunga pamoja kwa namna nyingine?

Sasa nikueleze habari ya pesa zenyewe, kwa sababu hazikuwa zangu.

Mama yangu, Nyawira, aliishi katika chumba kimoja Skuta, pembezoni mwa Nyeri. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alifua nguo za familia ya mwalimu mmoja, na jioni alishona kwa cherehani yake ya mkono, nguo za watoto na mapazia. Alikuwa pia na mtamba mmoja wa ng'ombe, aliyemweka kwa dada yake. Miaka ile wazungu walikuwa wakiuza mashamba upande wa Kieni, na watu wakaanzisha kampuni za kuyanunua. Unalipa hisa, jina lako linaandikwa kitabuni, na shamba likigawanywa unapewa kipande. Kampuni moja ilikuwa inanunua shamba si mbali na Chaka. Mama alienda akaandikisha jina, kisha akauza mtamba wake ili alipe. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumanne.

Alinipa pesa Jumamosi, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Angeweza kwenda mwenyewe, angeomba ruhusa kwa mwalimu. Lakini alitaka niende mimi.

"Nataka wakuone," aliniambia. "Wazee wa pale wakuone ukilipa. Wajue Gathogo aliacha mtu."

Gathogo ndiye baba yangu. Nilimwambia, "Sawa, maitu," ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, na nilimaanisha sawa. Nilipanga kwenda Jumatatu asubuhi. Tatizo ni kwamba kati ya Jumamosi na Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili farasi walikimbia Nairobi.

Fundi baiskeli aliitwa Nderitu. Mbele ya kibanda alinyoosha magurudumu, na nyuma, kwenye pazia la gunia, alipokea pesa za mbio za farasi kwa niaba ya tajiri fulani wa Nairobi. Kama alikuwa na ruhusa sijui. Mteja wake mmoja alikuwa koplo wa polisi, kwa hiyo hatukuuliza. Koplo huyo aliitwa Wafula, mtu wa magharibi, mpole, mwenye sauti ya kuimbia kanisani, na kila wiki aliweka shilingi zake chache kwa farasi mmoja. Mmoja tu.

Mimi nilikuwa nikifika pale kuuliza maswali. Farasi sikuwajua. Nilikuwa nimewaona mara mbili tatu hivi, wakiwa mbali, wamebeba wazungu. Lakini nilipenda zile bei alizoandika Nderitu kwa chaki ubaoni. Jumamosi ile alinionyesha farasi watatu, kila mmoja katika mbio zake. Wa kwanza, ukimwekea shilingi mia na akashinda, unarudishiwa mia mbili. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa anarudisha mia tatu.

"Na nikiwaweka wote watatu kwa karatasi moja?" nikauliza.

Alikuwa na skrubu mdomoni. Akazitoa. "Karatasi moja? Mia yako inarudi elfu moja na mia mbili."

"Kwa nini inapanda hivyo?"

"Kwa sababu umezifunga pamoja. Ndivyo bei inaendaga."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotea, na nilipotea nikiwa na furaha. Nilimwona kila farasi kama mkulima mwenye debe lake. Wakienda mmoja mmoja, wanapewa bei ya mchuuzi. Wakifungwa pamoja, wanapewa bei ya chama. Na mmoja akishindwa, nilijiambia, nitapata pungufu kidogo, lakini wale wawili watambeba. Unaona nilivyokuwa mwerevu? Ndiyo maana niliweka pesa zote. Ungedhani nilifanya hivyo kwa ujasiri au kwa tamaa. Tamaa ilikuwepo, nilitaka hisa ya mama na yangu na nyingine juu. Lakini zaidi ya hayo niliamini kabisa kwamba pesa za mama haziwezi kupotea. Niliona nimeziweka mahali salama.

Nderitu alizihesabu mara mbili, akanitazama. "Uko na hakika? Karatasi moja ama tatu?"

"Moja," nikasema. "Siku hizi mambo ni harambee."

Koplo Wafula alikuwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa, akingoja baiskeli yake. Akacheka. "Huyu kijana anataka kununua Mlima Kenya yote na theluji yake. Mimi niko na farasi moja, ile ya pili. Kichwa yangu haiwezi kufuata farasi tatu."

"Wewe utakufa maskini, koplo," nikamwambia.

"Nitakufa nikiwa nimelala usingizi mzuri," akajibu.

Jumapili jioni tulikaa katika hoteli moja ya chai, tukisikiliza redio. Farasi wangu wa kwanza alishinda. Wa pili akashinda. Wa tatu akafika wa pili, kwa tofauti ya kichwa, alisema mtangazaji. Mimi niliruka. Niliwaagizia chai na mandazi watu wote wa meza yetu, kwa mkopo. Koplo alikuwa pale pia, amefurahi kwa ajili ya farasi wake, akanitazama kwa mshangao. Baadaye aliniambia alidhani nimebadilisha mawazo nikachukua karatasi tatu, maana hajawahi kuona mtu anayefurahi hivyo baada ya kupoteza kila kitu.

Ndipo nikarudi chumbani kwangu nikafua ule mfuko wa unga. Asubuhi niliuanika juani mpaka ukakauka, nikaenda.

Nderitu alikuwa ameinamia baiskeli iliyopinduliwa, magurudumu juu. Niliweka karatasi yangu kwenye meza. Aliitazama, akaitazama tena, akainua kichwa kwangu na mfuko wangu.

"Ndirangu, hii karatasi imekufa."

"Imekufa vipi? Farasi mbili zimeshinda."

"Ya tatu ilishindwa."

"Najua ya tatu ilishindwa. Hiyo mtakata. Nipe ya zile mbili."

"Hakuna ya zile mbili."

"Ati hakuna? Zile zilikimbia bure?"

"Hazikukimbia bure. Ya kwanza ilishinda, pesa yako ikawa mara mbili. Yote ikapanda juu ya farasi ya pili. Ikashinda, ikawa mara mbili tena. Yote ikapanda juu ya ya tatu. Ya tatu ikaanguka nayo."

"Nani aliiambia ipande?"

Nderitu alifuta mikono kwa kitambaa. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia. "Wewe," akasema. "Uliposema karatasi moja."

Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Katikati ya maneno yangu akaingia Koplo Wafula amevaa sare, amekuja kuchukua chake. Nderitu alimlipa mbele yangu, kwa farasi yuleyule niliyekuwa naye mimi. Hilo lilinichanganya kuliko yote. Farasi ni mmoja, kashinda mara moja, kwa koplo kashinda na kwangu kashindwa. Nilimgeukia koplo nikitaka amkamate Nderitu.

Koplo alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaenda kwenye ile baiskeli iliyopinduliwa, akashika spoki moja ya gurudumu.

"Hii ikikatika," akasema, "utafika Karatina?"

"Nitafika."

"Mbili zikikatika?"

"Nitafika, nikienda polepole."

Akashusha mkono akagusa mnyororo. "Na hapa, hiki kipande kimoja kikikatika?"

Niliinama nikautazama mnyororo.

"Utatembea kwa mguu," akasema. "Wewe uliweka pesa yako kwa mnyororo, kijana, ukafikiri umeiweka kwa gurudumu. Nderitu hajakuibia. Lakini wewe, Nderitu, ungemwambia."

"Nilimuuliza," Nderitu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilimuuliza, koplo, moja ama tatu."

Kisha Nderitu akaeleza, labda kwa huruma, kwamba ipo njia nyingine. Kwa farasi watatu unaweza kununua vipande vyote saba. Karatasi tatu za farasi mmoja mmoja. Tatu za wawili wawili, yaani wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa tatu. Na moja ya wote. Ningefanya hivyo, wale wawili walioshinda wangenilipa vipande vitatu: kila mmoja chake, na kile cha wao wawili. Nilihesabu kwa vidole nikaona ni kweli.

"Sasa mbona hukuniuzia hiyo?"

"Hiyo ni karatasi saba," akasema. "Ungegawa pesa yako mara saba. Ile elfu na zaidi usingeiona. Ungekubali?"

Mpaka leo sijui ningekubali.

Nilitembea mji mzima siku hiyo. Niliwaza kumwambia mama, nikawaza kukimbilia Nanyuki, nikawaza kwamba pengine nikieleza vizuri wale wa kampuni watanipa muda. Kesho yake, Jumanne, nilijikuta niko kwenye barabara ya Chaka, kwa miguu. Kwa nini nilienda bila pesa? Sijui. Labda nilitaka tu kuwa mahali ambapo mama alinituma.

Kulikuwa na ukungu, na mlima haukuonekana. Karani alikuwa ameweka meza kwenye baraza la duka la mabati, ameketi na kitabu kikubwa na kalamu mbili. Watu walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume, wamejifunika mablanketi, wakifungua vitambaa na mikebe. Karani alikuwa akisoma jina, mtu anaitika, anasogea, analipa, karani anapiga mstari. Nilisimama nje ya ua, nimeshika waya wake.

"Nyawira wa Gathogo," karani akasoma.

Watu wakatazamana.

"Nyawira wa Gathogo, wa Skuta."

Mama mmoja aliyekuwa karibu na ua, mwenye kikapu mgongoni, alinitazama. Tulikuwa tumesalimiana nilipofika, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Skuta. "Si wewe ni wa Skuta?" akaniuliza kwa upole. "Unamjua huyu mama?"

"Simjui," nikasema.

Karani aliita mara ya tatu. Aliinua macho akazunguka nayo watu wote, hata mimi akanipita. Halafu akasoma jina lililofuata. Mimi niliuachilia ule waya nikageuka, nikaondoka haraka kabla shughuli haijaisha, nikarudi Nyeri bila kusimama popote.

Nilimkuta mama anachagua maharagwe kwenye ungo, mlango wazi kwa sababu mwanga wa jioni ulikuwa bado unaingia. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Aliniuliza, "Walikuonaje wazee?" Nikaketi chini nikamwambia. Nilimwambia habari ya farasi, ya karatasi, na kwamba nilienda Chaka nikasikia jina lake likisomwa, likapita. "Kitabu kimefungwa," nikasema.

Hakupiga kelele. Alichukua maharagwe matatu kwenye ungo akaniwekea mbele. "Nionyeshe," akasema. Mama alizungumza Kikuyu, mimi naweka kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. "Nionyeshe mtamba wangu alipita wapi."

Nikasogeza harage la kwanza, nikasema huyu alishinda. Nikasogeza la pili. Nikafika la tatu. Nilieleza mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ndipo mimi mwenyewe nilianza kuelewa yale maneno ya koplo, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mama yangu.

"Huyu wa kwanza ulimjua?" akauliza.

"La, maitu."

"Wa pili?"

"La."

"Huyu wa tatu?"

"Sijawahi kumwona hata mmoja."

Alifikiri. "Basi uliwataka watu watatu usiowajua, wote watatu, wakutendee mema siku moja," akasema. "Mimi nimezeeka, Ndirangu, na siku kama hiyo bado sijaiona. Hata wawili ni wengi."

Alirudisha maharagwe kwenye ungo, yote matatu, akaendelea kuchagua. Nilingoja anifukuze. Harage moja bovu akalitupa nje, akauliza bila kuinua uso, "Jina langu liliposomwa, nani aliitika?"

"Hakuna, maitu."

"Na wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale."

"Pesa kupotea naelewa. Mwizi angeweza kukuvamia njiani zikapotea vilevile. Lakini ungeitika. Ungesema, yupo, mimi ni mwanawe, tumepata shida, tungojeeni. Wangekataa, wangekataa. Kinywa chako hukukiweka kwa farasi."

Hilo ndilo karipio langu, mwanangu. Tulikula maharagwe yale.

Yale ya yule mama mwenye kikapu sikumwambia. Miaka yote aliyoishi sikumwambia kwamba niliulizwa kama namjua nikasema simjui. Wewe ndiye wa kwanza kuyasikia.

Ikapita miezi minne au mitano. Nilikuwa nimepata kazi ya kuogesha ng'ombe dawa kule Chaka, na siku moja karani yule alikuja na ng'ombe wake wawili. Tukaongea. Aliposikia nimetoka Skuta, akasema, "Huko kulikuwa na mama mmoja, Nyawira. Alienda wapi? Siku ile ya Jumanne watu wengi walikosa, tukakubaliana mwisho wa shughuli kwamba tuongeze siku tatu. Tulimngoja hadi Ijumaa."

Nilishika mlango wa josho. Siku tatu. Jumanne jioni nilipokuwa nasogeza maharagwe, kitabu kilikuwa bado wazi. Na cherehani ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa. Mama alikuja kuniambia baadaye, bila kujua ananikata wapi, kwamba mke wa mwalimu alikuwa akiitamani cherehani ile kila siku na angeinunua kwa bei yoyote. Kipande kingine cha mnyororo kilikuwa mimi, na nilikatika mahali ambapo hakuna farasi aliyehusika.

Mama aliishi katika chumba kile cha Skuta mpaka mwisho. Tulimzika katika makaburi ya kanisa, amebanwa kulia na kushoto na watu asiowajua, yeye aliyetaka kulala shambani kwake. Nikipita Chaka naliona lile shamba. Lina viazi na kabichi na nyumba za mabati mekundu. Huwa najaribu kukisia kipande chake kingekuwa kipi, na kila mara nakisia tofauti.

Sasa nikuambie niliyoyapata, ingawa hayajapangika vizuri.

Hesabu kwanza, maana udadisi haukuniacha. Niliendelea kuzipiga miaka mingi, bila kuweka senti. Farasi watatu wana vipande saba, farasi wanne wana kumi na tano. Nilishangaa sana, mmoja tu ameongezeka na vipande vimeongezeka mara mbili na kimoja juu. Anayekuuzia vipande vyote anakulipisha vyote. Anayekuuzia kimoja chenye bei kubwa anakuuzia mnyororo, na kila timu unayoongeza ni kiungo kingine cha kukatika. Na kitu kingine nilikigundua nikiwa na mvi tayari: katika kila bei, tajiri mwenye mchezo amejikatia kidogo chake. Ukizidisha bei kwa bei, unazidisha na kile alichokata. Kwa hiyo ule mkeka mrefu anaoupenda kijana wa jirani, mwenye kuuuza anaupenda zaidi.

Lakini hayo ni ya vidole. Lililo muhimu ni hili. Kabla hujaweka kitu chako pamoja na vya wengine, uliza: kimoja kikishindwa, vingine vinakibeba au vinaanguka nacho? Vyote viwili watu wataviita kwa majina mazuri. Usione haya kuuliza mara ya tatu na ya nne. Mimi niliyeuliza maswali maisha yangu yote, siku ile niliuliza kwa nini bei inapanda, nikasahau kuuliza inashukaje.

Usiweke kilicho cha mtu mwingine. Hata ukiwa na hakika. Hasa ukiwa na hakika.

Na ukishapoteza, sema siku hiyohiyo. Usitembee mji mzima. Usiende kusimama kwenye waya na kutazama. Huenda mahali fulani watu wamekubaliana kukungoja hadi Ijumaa, na wewe umeshakimbia. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipoteza shamba la mama Jumapili au Jumanne. Nalala nikiwa na jibu moja, naamka na lingine.

Wazee wetu walibariki kwa kutema mate kidogo kifuani, na ungekuwa hapa ningekutemea, hata kama ungecheka. Pokea basi kwa karatasi. Upate ardhi ya kulimia na ya kulalia. Upate watu wa kukubeba siku utakapopigwa na mvua ya mawe, nawe ubebe wengine. Na jina la mama yako likisomwa popote, hata ukiwa mikono mitupu, Mungu akupe sauti ya kuitika.